Kondoo wa Amana

Sanya Juu
22 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Godbless wa gari la maziwa akikukabidhi barua hii, mpokee na mgeni aliyefungwa nyuma katikati ya madumu. Ni kondoo jike, mwekundu, ana hereni ya njano sikioni yenye namba tisa. Tafadhali usimtangazie mtu kwamba binti yako amekuletea kitoweo.

Mvua imebomoa banda letu la utafiti. Kondoo wetu wanne waliofanyiwa kazi ya moyo hawana pa kulala, na Daktari Sulochana amekubali kwa shingo upande wakae kwa watu tunaowaamini mpaka banda lisimame tena. Nilikutaja wewe wa kwanza. Masama nzima hakuna anayejua kufuga kondoo wa ndani kama wewe, na sisemi hivyo kwa sababu nataka kitu. Basi, nataka. Soma chini.

Namba Tisa amewekewa vali mpya moyoni, ule mlango unaopitisha damu kwenda kwenye mapafu. Waliipitishia kwenye mshipa wa shingo, ndiyo maana ukipapasa chini ya manyoya utakuta kovu dogo. Vali yenyewe imetengenezwa kwa kitu ambacho mwili hukila polepole, na huku nyama ya kondoo mwenyewe inaota mahali pale pale, mpaka siku moja kifaa kimekwisha na mlango umebaki wake. Tunamtazama tuone kama kweli itakuwa hivyo.

Kwa hiyo kuna masharti. Asipandishwe mlima. Asifukuzwe na mbwa. Akikohoa, akikataa kula, akifanya jambo lolote la ajabu, niandikie siku hiyo hiyo, Godbless atanifikishia. Akifa, Mungu apishilie mbali, asichinjwe wala asizikwe. Mtu aje anichukue kwanza, maana moyo wake ndio kazi yetu yote.

Ningepiga simu, lakini tangu masikio yako yagome najua unamwachia Mama aitikie "ndiyo" kwa kila kitu.

Brenda anakusalimu. Shule anaenda, taratibu.

Binti yako,
Rachel


Masama
2 Mei 2025

Mwanangu Rachel,

Marahaba. Mgeni wako amefika salama, ila amemkojolea Godbless viatu. Masharti yako nimeyasoma mara mbili, kisha nikamsomea mama yako. Naye Mektrida ameuliza kama tumpigie na magoti.

Mimi napokea wanyama wa amana tangu hujazaliwa. Babu yako aliweka ng'ombe wake kwenye nyumba za watu kuanzia huku hadi chini barabarani, na hakuna aliyepotea. Sheria yetu unaijua. Mnyama wa mtu unamlisha kuliko wako. Maziwa na mbolea ni vyako, ndama ni wa mwenyewe. Na akipotelea mkononi mwako humwendei mwenyewe na machozi, unamwendea na mnyama mwingine wa mfano ule ule, na jambo linakwisha bila kelele. Hiyo ndiyo heshima ya mtu. Basi lala usingizi.

Nimemfunga ndani, upande wa joto. Anakula majani ya mgomba na maganda, na magadi kidogo ya kulamba. Ila nieleze, serikali inataka nini na moyo wa kondoo? Sisi tulizoea kuujua ukiwa kwenye sahani.

Mwambie Brenda migomba ya upande wa mfereji wa mfongo imezaa. Najua hawezi kupanda huku. Krismasi iliyopita kaka yako Martin alimbeba binti yake mgongoni kutoka barabarani hadi mlangoni, mtoto mkubwa wa darasa la nne, akawa anaficha uso kwa aibu. Nilijifanya natazama kahawa.

Baba yako,
Eliufoo


Masama
8 Juni 2025

Rachel,

Njoo uone kondoo! Amenenepa mpaka kidevuni. Chini ya taya pamejaa, panatikisika akitembea, na tumbo nalo limeshuka. Siku hizi analala sana. Hata majani nikimletea anakula amelala, raha imemkolea kama mwali aliye ndani. Jirani Jackson amekuja kumtazama akasema huyu tayari ni wa harusi, nikamwambia amana hailiwi, akatafute wake.

Mwambie Daktari Sulochana kwamba chakula chenu cha vidonge ni kizuri, lakini mgomba wa Masama ni mzuri zaidi.

Baba yako,
Eliufoo


Sanya Juu
15 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea Daktari Sulochana akacheka mpaka akavua miwani. Asante sana. Kondoo anayenenepa ni kondoo mwenye afya, na sisi huku tulihitaji habari njema.

Banda limekwisha. Godbless atamchukua Namba Tisa tarehe tisa Julai, maana siku inayofuata wote wanne watapimwa kwa ultrasaundi. Swali lako kuhusu moyo wa kondoo nitalijibu. Si leo. Usidhani nakudharau.

Brenda siku hizi analalia mito miwili, ukimlaza chini anakosa pumzi. Usimwambie Mama.

Wako,
Rachel


Masama
7 Julai 2025

Kwa Daktari Rachel,

Napenda kukujulisha kwamba kondoo ni mzima. Ninamkabidhi kwa Godbless leo, badala ya keshokutwa, kwa kuwa nina safari ya usharika. Hereni anayo. Mama yako ana mafua, ndiyo maana hajakusalimu.

Nashukuru kwa kuniamini.

Eliufoo


Sanya Juu
14 Julai 2025

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Barua yako ilikuwa kavu kama ya benki, lakini leo hata ungenitukana nisingesikia.

Siku ya kipimo mimi sikuwapo. Nilikuwa mjini Moshi na Brenda, kliniki ya moyo, tangu asubuhi. Niliporudi nilimkuta Daktari Sulochana amekaa juu ya ndoo bandani anafuta machozi. Kondoo watatu wanaendelea vizuri. Lakini Namba Tisa wako, Baba! Kifaa kimekwisha kabisa, hakuna hata alama. Mlango unafunguka na kujifunga kama ule aliozaliwa nao. Daktari anasema miaka yote ya kazi yake hajaona picha nzuri kama ile.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Brenda alipopasuliwa akiwa mchanga aliwekewa mrija mdogo wenye vali. Amekua, mrija haukukua, na vali imechakaa, damu inarudi nyuma. Anahitaji mlango mpya, na vali za kawaida hazikui na mtoto. Hii ya kondoo wetu itakua naye, kwa sababu itageuka kuwa nyama yake. Ndiyo kazi tunayoifanya huku. Sikukwambia kwa sababu uliwahi kunywea mara moja, tulipomrudisha Brenda kutoka hospitali bila tumaini, na sikutaka kukuona hivyo tena.

Brenda ni wa tatu kwenye orodha ya watoto watakaowekewa. Ni Septemba. Mungu ametumia mikono yako, na wewe ukidhani unalisha kondoo wa serikali.

Binti yako mwenye furaha,
Rachel


Masama
26 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimeipokea barua yako. Nimefurahi.

Nina maswali machache, ya mzee tu. Hao kondoo wengine watatu si wanatosha? Na kama mmoja angekufa, tuseme kwa bahati mbaya, kwa mbwa au kuanguka, Brenda angepoteza nafasi? Kondoo akikimbia kidogo, mlango ule unaweza kufunguka vibaya?

Mama yako bado ana mafua.

Baba yako,
Eliufoo


Sanya Juu
3 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Hata Daktari hajaniuliza maswali kama yako. Nakujibu. Mnyama mmoja akifa na moyo wake ukaonyesha kosa ni la vali, kila kitu kinasimama, hakuna mtoto atakayeguswa. Lazima iwe hivyo. Mbio fupi hazimuui kondoo mwenye mlango mzima. Zinaweza kumuua mwenye mlango mbovu.

Tarehe imesogezwa. Timu ya wapasuaji inafika mapema, na Brenda analazwa tarehe ishirini na tano mwezi huu. Ameshaanza kuniuliza kama baada ya hapo ataweza kuruka kamba.

Jambo jingine. Namba Tisa amerudi mgeni. Zamani nikitikisa kopo la chumvi alikuwa wa kwanza kunijia, sasa anakimbilia ukutani. Jana nilimpapasa shingo, kovu sikuliona. Labda manyoya yameziba. Labda ni macho yangu, nimechoka.

Baba, Mama hajawahi kuwa na mafua ya mwezi mzima. Kuna nini?

Rachel


Masama
9 Agosti 2025

Rachel mwanangu,

Godbless atakupa barua hii na ndoo yenye kifuniko. Usiifungue mbele ya Brenda. Juu yake nimefunga jani la isale la kuombea msamaha, unajua maana yake. Sijawahi kumpelekea mtu isale maishani mwangu.

Kondoo uliye naye si Namba Tisa. Namba Tisa alikufa mwisho wa Juni. Niliacha lango wazi nikiwa nakata majani, mbwa wa Jackson akaingia, akamkimbiza hadi kwenye mfongo. Si mbali, unapajua. Nilipofika alikuwa amelala, mdomo wazi, anatafuta hewa haipati. Sikutaka afe kibudu, nikachomoa kisu.

Nikajiambia nimeua amana kwa uzembe wangu, na mwanangu atafukuzwa kazi kwa lango la baba yake. Basi nikafanya nilivyofundishwa. Nilishuka mnadani Weruweru nikatafuta mpaka nikampata mwekundu wa umri ule ule, mzima, mzuri. Nikamvisha hereni. Kwangu mimi nilikuwa nimelipa, Rachel. Hata aibu ilianza kunitoka. Mama yako aliniambia siku ile ile kwamba kulipa si kuficha, na tangu hapo hakutaka jina lake liwe kwenye barua zangu. Hana mafua.

Hukuniambia kwamba ule ni mlango wa Brenda. Sisemi ili kukulaumu. Ndiyo, nasema kidogo ili kukulaumu.

Barua yako ya Julai ilipofika nilijifariji: ameuawa na mbwa, vali haina kosa, nikae kimya. Lakini kondoo wangu mwenyewe amewahi kukimbizwa na mbwa huyo huyo, akarudi akala. Nikakuuliza yale maswali, na jibu lako limenimaliza. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa naficha maradhi ya mjukuu wangu.

Nyama hatukula. Mama yako alikataa isiguse sufuria zake, nikaizika kihambani, chini ya migomba. Ngozi imo ndooni, kovu lipo. Na moyo umo. Ulisema ndio kazi yenu yote, sikuweza kuuzika. Niliukausha kwa moshi juu ya mafiga, pale mama yako anapokaushia nyama ya Krismasi.

Nisamehe.

Eliufoo, baba yako


Sanya Juu
12 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu umenilea, si kwa sababu nimetulia.

Nimeupasua moyo. Upande mmoja wa vali umeyeyuka wote na hakuna nyama iliyoota. Mlango ulikuwa wazi, damu inarudi nyuma kila pigo, labda kwa wiki nyingi. Haikuwa mbwa, wala lango lako.

Kisha nikazitoa barua zako nikazisoma upya. "Amenenepa mpaka kidevuni." Yale yalikuwa maji, Baba. Moyo wa kondoo ukishindwa, maji hukusanyika chini ya taya, na tumbo hushuka, na mnyama hulala. Nilifundishwa hilo chuoni, na niliwahi kufundisha wengine. Wewe uliona unono kwa sababu maisha yako yote umenenepesha kondoo. Mimi niliona unono kwa sababu nilitaka vali ile ifanye kazi. Nikakuandikia asante. Asante!

Nakuchukia kidogo leo. Najichukia zaidi.

Sikiliza nilichofanya. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka. Moyo ule umekauka, ungeshika moto mara moja, na ngozi baada yake, na barua yako. Brenda angelazwa tarehe ishirini na tano kama ilivyopangwa. Nilijiambia labda kwake itaota, labda kosa ni la huyu kondoo mmoja. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda ujue. Brenda akaingia, akanusa, akasema, "Shangazi, mbona kunanukia kama jikoni kwa Bibi?" Akatabasamu. Nguo zake za hospitali ameshazipanga kwenye begi, amezikunja mwenyewe.

Kesho asubuhi naipeleka ndoo kwa Daktari Sulochana. Humo ndani kuna kazi yangu, kuna miaka yake yote, na kuna nafasi ya mtoto wetu. Brenda sijamwambia. Sijui nitaanzaje.

Isale nimeliona. Najua halikataliwi. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia linajibiwa lini.

Rachel


Moshi
29 Agosti 2025

Mzee Eliufoo,

Shikamoo. Mimi ni Sulochana. Nimezaliwa hapa Moshi, na marehemu baba yangu aliuza mabati, huenda ndiyo yaliyoezeka nyumba yako. Kwa hiyo nakuandikia kama mtoto wa hapa, na kama daktari niliyekasirika.

Yule kondoo wako wa mnada alikuwa na moyo mzima aliozaliwa nao. Sisi tukautazama tukasema, tazameni vali yetu ilivyoota vizuri. Picha yake tuliibandika ukutani, tukawapimia wengine kwayo. Mmoja wa wale watatu alikuwa na doa upande mmoja. Mwezi wa saba tuliliona, tukasema ni kivuli cha mashine. Juzi tumempima tena. Si kivuli. Vali yake inayeyuka upande ule ule.

Nimesimamisha kazi yote. Hakuna mtoto atakayewekewa mpaka tujue kwa nini. Rachel amepewa onyo kwa maandishi, nami nimepewa langu, maana ndiye niliyeruhusu kondoo watoke, na ndiye niliyeshangilia kabla ya kupapasa shingo.

Brenda atapasuliwa Dar es Salaam. Atawekewa vali ya kawaida, inayotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Haitakua naye. Akifika utu uzima kifua kitafunguliwa tena. Sicho nilichomwahidi, na alipoambiwa hakulia, alinigeuzia tu mgongo. Lakini ni njia tunayoijua.

Ulinificha, Mzee, na nisingependa ufarijike upesi. Ila ungenyamaza wiki mbili zaidi, ningemwekea mjukuu wako vali ile kwa mikono yangu mwenyewe. Na hilo pia ulijue.

Sulochana


Sanya Juu
6 Desemba 2025

Baba,

Shikamoo. Barua zako tatu nilizisoma zote, nikiwa Dar na baada ya kurudi. Sikujibu kwa sababu kila nilichotaka kuandika kingekuchoma, na kulikuwa na usiku Brenda akiwa bado hajaamka ambapo nilitaka kikuchome.

Martin amekwambia yaliyotokea, sirudii. Brenda ameamka, ameshonwa, amepona kidonda. Analalia mto mmoja. Swali la kuruka kamba analiuliza kila wiki.

Godbless akikukabidhi barua hii, mpokee na mgeni aliyekaa mbele naye, si kwenye madumu. Shule zimefungwa na mimi nina kazi. Tumeanza upya na kondoo wengine, na safari hii hawatoki bandani. Atakaa kwenu mpaka Krismasi.

Masharti yapo. Dawa asubuhi na jioni, baada ya chakula. Mlima apande taratibu, apumzike anapotaka, asibebwe kama hajaomba. Koo likimuuma au akipata homa, Mama anipigie saa hiyo hiyo. Na kila asubuhi kabla hajashuka kitandani, wewe mwenyewe umbonyeze kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, kulia na kushoto. Kidole kikiacha shimo, usiniambie amenenepa.

Sina mwingine wa kumwachia, na hata ningekuwa naye ningemleta kwako. Hilo ndilo jibu la isale lako.

Binti yako,
Rachel


Masama
8 Desemba 2025

Mwanangu Rachel,

Marahaba. Brenda amefika. Nakuandikia nilichokiona, si ninachokitaka.

Kutoka barabarani amepanda kwa miguu yake. Alipumzika langoni kwa Jackson, akapumzika tena kwenye mfongo. Pale kwenye mfongo alisema hajachoka, anatazama maji tu. Alikuwa amechoka. Midomo haikuwa na weusi. Tulikaa mpaka akasimama mwenyewe. Mama yako alitupokea mlangoni, akaniita kwa jina langu kwa mara ya kwanza tangu Juni, akaniambia nisimwage mtori wa ndizi.

Amekula bakuli moja, la pili ameliacha nusu. Dawa amekunywa. Usiku alikohoa mara chache, kohozi halikuwepo, mama yako anasema ni moshi wa jikoni. Mimi sijui kama ni moshi. Nitasikiliza kwa masikio ya mama yako leo tena.

Asubuhi hii nimembonyeza kifundo cha kulia, kisha cha kushoto. Akanicheka, akasema, "Babu, mimi si kondoo." Nikatoa kidole nikasubiri, nikainama karibu kwa sababu macho nayo yanaanza kugoma. Ngozi ilirudi. Hakuna shimo.

Kesho nitabonyeza tena.

Baba yako,
Eliufoo